Kinamasi Kilichonyolewa Katikati

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alichukua kopo lenye matundu, akachota maji kwenye ndoo, akayanyunyizia mafunjo yaliyolazwa uani. Mafunjo ni mimea mirefu ya majini, na mabua yake yakikauka kupita kiasi huvunjika yakishonwa, na yakilowa mno huota ukungu. Kwa hiyo alinyunyiza kidogo, akayageuza, akanyunyiza tena, huku mdomo wake ukienda sambamba na mikono. Alimsimulia mama ndoto zake, alimsimulia paka, na kama paka ametoka, aliyasimulia mafunjo yenyewe. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, yule ndege asiyejua kunyamaza.

"Hivi mdomo haukuumi?" mama yake aliuliza asubuhi moja. Alikuwa ameketi chini, ile sindano ndefu iitwayo shazia mkononi, akiunganisha bua kwa bua.

"Ukiuma nitautumia upande mmoja, mama."

Mama alicheka bila kuinua macho. Alikuwa mshona majamvi, na majamvi yake yalijulikana kwa kutofumuka pembeni. Baba alikuwa fundi mwashi, na miezi ile alikuwa kwenye ujenzi wa mbali, kwa hiyo chakula cha pale nyumbani kilitegemea shazia.

Mafunjo yenyewe yalitoka kwenye kinamasi kilichokuwa nyuma ya nyumba zao. Mto uliteremka kutoka vilimani ukiwa umebeba tope, ukaingia kinamasini, ukatambaa polepole katikati ya maelfu ya mabua, ukaacha tope lake humo, kisha ukatokea upande wa pili umetulia na kutakata. Kutoka hapo uliteremka hadi mjini, ukaingia kwenye mtambo wa ofisi ya maji, na maji yakaenda kwenye mabomba ya watu.

Washonaji walikuwa na chama chao, kikiongozwa na Mama Mwenyekiti. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha kinamasi, na kila msimu vipande vichache vilipumzishwa ili mafunjo yakomae na kuendelea kuzuia tope. Kipande kinachopumzishwa kilichomekwa mti wenye kitambaa chekundu, na mundu haukuruhusiwa kuingia humo. Ofisi ya maji nayo iliwalipa washonaji kwa kupumzisha, maana mafunjo yaliyosimama yaliipunguzia kazi ya kusafisha maji. Malipo yalikuja mwisho wa mwaka, na chama kiliyagawa sawa kwa sawa, aliyepumzisha na asiyepumzisha. Wote waliona ni haki kabisa, mpaka zamu ya kupumzisha imfikie mtu mlangoni.

Msimu huu zamu ilikuwa imemfikia mama yake Chiriku. Kitambaa chekundu kilipepea kwenye kipande chake, na yeye alinunua mafunjo machache machache kwa wenzake. Chai ya asubuhi ikapoteza maziwa. Baadaye ikapoteza na sukari.

"Mama, hii chai wanaivua nguo," Chiriku alisema, akichungulia kikombe. "Kesho tutaikuta uchi."

"Kunywa, uende shule."

Wiki ile ile, mwenye ghala la nafaka alisimamisha gari lake mbele ya nyumba. Alitaka majamvi ya kuanikia, mengi, tena upesi.

"Nimesikia wewe ndiye fundi," alimwambia mama. "Utaweza?"

Mama aliyatazama mafunjo yaliyolazwa uani. Chiriku naye aliyatazama. Hayakutosha hata nusu ya kazi.

"Nipe siku ya leo nifikiri," mama alijibu.

"Fikiri, mama. Ila nikikosa kwako nitakwenda kwingine, usije ukanilaumu."

Gari lilipoondoka, mama aliokota shazia. Alikunja miguu yake, akaendelea kushona, lakini alikosea tundu, jambo ambalo Chiriku hakuwahi kuliona.

Jioni, akitoka shule, Chiriku alipita njia ya kinamasini. Alisimama mbele ya kitambaa chekundu. Nyuma yake mafunjo yalisimama kama ukuta, marefu kuliko mtu mzima, mazito kiasi kwamba ndege akiingia humo humwoni tena. Alijinyoosha kwa vidole vya miguu. Hakuona kitu. Akaruka. Hakuona kitu. Hapo ndipo wazo lilipomjia, naye akalipokea kama mgeni aliyekuwa akimsubiri.

"Kama mimi sioni katikati," alijiambia, "nani anaona?"

Alirudi na mundu. Alijipenyeza kwa ubavu bila kuvunja bua hata moja la ukingoni, akafika katikati, akaanza kukata. Maji yalimfika magotini na mbu walimwimbia masikioni. Mizigo ilikuwa mizito, kwa hiyo alikata njia nyembamba, iliyonyooka, kutoka upande wa juu wa kipande hadi upande wa chini, ili ayakokote mafunjo juu ya maji mpaka karibu na uani kwao. Siku iliyofuata alirudi, na iliyofuata pia. Alipomaliza, kile kipande kilikuwa kama kichwa kilichonyolewa utosi na kuachiwa nywele za pembeni. Aliyesimama njiani alisifu nywele.

"Umeyatoa wapi haya?" mama aliuliza siku ya kwanza.

"Nimepewa na Mama Mwenyekiti. Masalio ya kipande chake."

Mama aliinua bua moja, akalipima kwa macho. "Masalio marefu hivi?"

"Amesema anayo mengi."

"Basi nitamshukuru nikimwona."

"Amesema usimshukuru," Chiriku alidakia haraka. "Hapendi kusifiwa."

Mama alifungua kinywa, kisha akakifunga. Alimpelekea mwenye ghala habari kwamba ataweza, akatunga uzi kwenye shazia, akaanza kazi.

Majamvi yalikamilika kwa wakati. Mwenye ghala aliyachukua, akasifu pembe zake, na chai ikarudishiwa nguo zake zote. Chiriku alikunywa vikombe viwili. Mafunjo yataota tena, alijiambia. Kwani nani ameumia?

Kisha mvua zikaanza, na shule ikafungwa kwa mapumziko mafupi. Mama alimruhusu Chiriku aende mjini kumsalimia shangazi yake.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa dobi. Alipanga chumba kimoja chenye ua mpana, na uani mlikuwa na karo mbili za saruji, mapipa na kamba ndefu zilizojaa shuka nyeupe. Shuka hizo zilikuwa za nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na kituo cha mabasi. Mikono ya shangazi ilikuwa imekunjamana vidoleni kwa maji na sabuni, lakini kumbatio lake lilikuwa lile lile.

"Karibu, karibu! Mbona umekonda? Wifi yangu anakunyima chakula, au ni maneno yamekumaliza mwili?"

"Maneno, shangazi. Nayatoa mengi kuliko chakula ninachoingiza."

Shangazi alicheka mpaka akashika kamba. Lakini alipofungua bomba kujaza karo, kicheko kilimkatika. Maji yalitoka yakiwa na rangi ya kahawia iliyopauka.

"Unayaona haya?" alisema. "Kama mtu amenawia miguu akitoka shamba. Nayachuja kwa kitambaa, nayaacha kwenye pipa yatulie, nayachuja tena. Bado shuka zinatoka na rangi ya meno ya mvuta tumbaku."

Chiriku aliinama juu ya karo. Chini kabisa aliona tope laini likitua polepole. Aliligusa kwa kidole. Alilijua tope lile. Alikuwa amelikanyaga.

Kabla hajasema lolote, msimamizi wa nyumba ya wageni aliingia, mwanamke nadhifu mwenye funguo nyingi kiunoni. Alikunjua shuka moja mbele ya shangazi.

"Dada, jana mgeni kaniuliza kama shuka hii ilitumika kubebea viazi. Nilikosa pa kuuficha uso."

"Ni maji, ndugu yangu. Siyo mikono yangu."

"Najua. Lakini mgeni halali juu ya maelezo. Analala juu ya shuka." Alishusha sauti. "Nakupa mpaka Jumamosi ijayo. Zikija tena hivi, kazi nitampa mwingine anayefua kwa maji ya kisima. Usinikasirikie."

Alipotoka, shangazi aligeuza ndoo, akaikalia. Kwa muda alitazama zile kamba.

"Hiyo ndiyo kazi inayolipia ua huu," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa Chiriku. "Nguo za majirani ni za kubahatisha. Shuka zikiondoka, na mimi nafungasha."

"Maji yalianza lini kuchafuka, shangazi?"

"Mvua ya kwanza tu. Na ajabu ni kwamba mwaka jana ilinyesha kuliko hivi, na maji yakaja safi. Tena mimi kinamasi chenu nakilipia! Kwenye ankara ya maji kuna kisehemu chake kila mwezi. Wote wenye mabomba tunatoa. Sijawahi kukiona kwa macho, lakini ninakilisha kama ng'ombe. Mama yako na wenzake wanakilinda, mimi ninakilisha. Sasa nani kasinzia zamuni?"

Chiriku alitaka kujibu. Badala yake alishika kitambaa cha kuchujia, akainamia karo.

Mchana huo huo pikipiki ilisimama nje. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya maji ambaye kila mtu alimwita Bwana Maji, na alikuwa akipita kwa wateja waliolalamika. Alikinga maji ya bomba kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani, akatikisa kichwa.

"Mtambo unakula dawa maradufu na bado hauwezi," alimwambia shangazi. "Umejengwa kwa maji yaliyokwisha kupita kinamasini. Ukiuletea tope zima zima, unapaliwa."

"Basi kinamasi kina nini?"

"Hakina kitu. Nimekitazama mwenyewe kutoka njiani, mafunjo yamesimama wima. Anayebaki ni mfyatua matofali wa kule juu. Kesho kutwa tunakwenda, mimi na mtu wa ofisi ya bonde, wale wanaousimamia mto wote tangu chemchemi mpaka unakoishia. Tanuri lake tutalifunga wakati uchunguzi unaendelea."

"Uchunguzi wa muda gani?"

"Wiki kadhaa. Labda zaidi."

"Wiki kadhaa!" Shangazi alisimama. "Bwana Maji, mimi nina mpaka Jumamosi!"

Bwana Maji alifunga chupa yake, akasema pole, na alionekana anaisema kwa moyo.

Mfyatua matofali alikuwa baba yake Twiga, msichana mrefu aliyekaa dawati moja na Chiriku. Chiriku alikula chakula cha jioni bila kukihisi ulimini. Asubuhi alisema anataka kurudi nyumbani.

"Umenichoka mapema hivi?" shangazi aliuliza, akimshika kidevu. "Hata hujanimalizia umbea wa kwenu."

"Nitarudi, shangazi."

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

Alipofika darajani karibu na kwao, alimkuta Twiga amekaa peke yake, miguu mirefu ikining'inia. Watoto wawili walipita wakikimbia na kuimba, "Binti Tope! Binti Tope!" Twiga hakugeuka.

"Wanasema baba anachafua mto," alisema. "Na baba amechimba shimo la kunasia tope, kila siku analizoa kwa koleo. Hakuna anayekwenda kulitazama. Wewe huwa unajua kila kitu, Chiriku. Ni nani?"

"Sijui."

Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kutoa maishani. Twiga alimtazama kwa mshangao kidogo, kisha akarudi kutazama maji.

Siku ya pili yake watu walikusanyika pale darajani. Bwana Maji alikuja na mwanamke wa ofisi ya bonde aliyevaa mabuti ya mpira. Washonaji walisimama upande mmoja, mfyatua matofali na binti yake upande wa pili. Mama Mwenyekiti wa chama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alikuwa ameshaanza.

"Sisi tumetimiza yetu! Tazameni wenyewe!" Alinyoosha mkono kuelekea ukuta wa mafunjo. "Kuna upara hapo? Nionyesheni upara!"

"Mimi sisemi kuna upara," mfyatua matofali alijibu taratibu. "Nasema njooni muone shimo langu kabla hamjafunga tanuri. Nina matofali mabichi humo. Yakikaa yatapasuka yote."

"Kama si wewe ni nani? Tope limetoka angani?"

Chiriku alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alimwona Twiga akimshika baba yake mkono kama mtoto mdogo, yeye aliyekuwa mrefu karibu kumfikia. Akaiwazia ile ndoo iliyogeuzwa, na shangazi juu yake. Alipiga moyo konde.

"Upara upo," alisema.

Sauti yake ilitoka ndogo, lakini watu wote waligeuka.

"Upara upo, Mama Mwenyekiti. Uko katikati. Kwenye kipande chetu. Nimeukata mimi."

Walikwenda kinamasini, Chiriku akitangulia, wakajipenyeza kwa ubavu kama alivyokuwa akijipenyeza yeye. Bwana Maji alizama mpaka gotini, kiatu kikabaki, akakivuta kwa mikono miwili. Kisha wakaona. Njia ilikuwa imenyooka kama iliyopigwa kwa kitana, na maji yaliyotakiwa kutambaa yalikuwa yakikimbia humo, mazito, ya kahawia, bila kugusa bua hata moja.

Mama Mwenyekiti alishika kichwa. "Mtoto wewe! Na mimi nimesimama darajani naapa!"

"Nisameheni," Chiriku alisema, akilia. "Nilidhani yataota tena. Nilimdanganya mama kwamba ni masalio yako."

"Masalio yangu!"

Hapo mama yake Chiriku alisogea mbele, nguo yake ikiwa imelowa tope.

"Nami pia nina kosa," alisema. "Mundu sikuushika. Lakini mafunjo marefu vile yaliingia uani kwangu, nikaambiwa yametoka kwa Mama Mwenyekiti, na miaka yote ninayomjua Mama Mwenyekiti hajawahi kuacha masalio ya kitu chochote."

Washonaji wawili walicheka kabla ya kujizuia. Hata Mama Mwenyekiti mdomo ulimcheza.

"Sikuuliza," mama aliendelea, "kwa sababu niliogopa jibu. Nilikuwa na kazi ya watu na sina cha kushonea. Kipande kimelala, na malipo ya kukilaza ni mpaka mwaka uishe, tena tugawane na wasiolaza. Sitafuti pa kujificha. Nasema tu ilivyokuwa."

Mshonaji mmoja alisema, "Hata mimi zamu yangu ilipofika mwaka juzi, nilisimama mbele ya kile kitambaa nikiwa na mundu. Ni vile tu nilimwona mtu anakuja." Mwingine akaguna kuunga mkono.

"Mbona hamkusema?" Mama Mwenyekiti aliuliza.

"Tungesema nini? Kila mtu alikuwa akipokea fungu sawa. Mlalamikaji angeonekana mchoyo."

Yule mwanamke wa ofisi ya bonde alimgeukia Bwana Maji. "Wenye mabomba mjini wanatoa kila mwezi. Kwa nini pesa yao inafika huku mara moja kwa mwaka?"

Bwana Maji alikuna shingo kwa mkono wenye tope. "Ni utaratibu tulioukuta. Nadhani hakuna aliyewahi kuuliza upande wa huku unaumiaje. Ofisi inaweza kuleta malipo mwanzoni mwa msimu, kitambaa kinapochomekwa. Nitalipeleka ombi hilo. Lakini mnavyogawana wenyewe, hilo ni la chama."

"La chama tutalimaliza hapa hapa, miguu ikiwa majini," alisema Mama Mwenyekiti. Wakalimaliza. Anayepumzisha kipande atakuwa wa kwanza kupokea, na fungu lake litakuwa kubwa, kwa sababu ndiye anayekosa kukata. Wengine watampa kila mmoja mzigo wa mafunjo kwa mwezi ili shazia yake isilale. Na mwenye shida aiseme kwenye kikao, wala asichekwe.

"Na huyu Chiriku?" mtu aliuliza.

"Huyu ataotesha alichonyoa," alisema Mama Mwenyekiti. "Kila jioni, mpaka mimi niseme basi. Na mundu wake utakaa kwangu. Hayo ndiyo masalio nitakayomwachia."

Chiriku alivuka maji, akaenda mbele ya mfyatua matofali na binti yake.

"Baba, nisamehe. Walikusema wewe, nami nilijua nikanyamaza. Twiga, uliniuliza nikasema sijui."

Twiga aligeuza uso. Baba yake alimtazama Chiriku, kisha akatazama ile njia ya maji.

"Hiyo ukipanda mizizi tu, itasombwa kesho," alisema. "Kwanza iwekwe vizuizi. Nina matofali mengi yaliyovunjika. Nileteeni magunia."

Waliifanya kazi ile siku hiyo na iliyofuata. Walikita nguzo za miti kukata ile njia sehemu tatu, wakalaza mizigo ya mafunjo makavu nyuma yake, wakaikandamiza kwa magunia ya matofali yaliyovunjika. Bwana Maji alivua shati. Mama yake Chiriku alifunga vifundo, maana hakuna aliyemshinda kwa vifundo. Chiriku alichimbua mizizi kwenye vipande vingine na kuipanda katikati ya vizuizi, akiishindilia kwa kisigino. Siku ya pili jioni, Twiga alikuja akashika upande wa pili wa gunia lake. Walibeba hivyo mpaka giza lilipoanza kuingia.

"Mbona hujasema neno tangu jana?" Twiga aliuliza hatimaye. "Unanitisha."

"Nilidhani hutaki kunisikia."

"Sitaki. Lakini sema."

Maji yalisimama nyuma ya kizuizi cha kwanza, yakasitasita, yakaanza kutafuta njia pembeni, katikati ya mabua. Siku iliyofuata yalitoka upande wa chini yakiwa yamepungua tope. Ilipofika Ijumaa, uliweza kuhesabu mawe yaliyoko chini ya daraja.

Jumapili, shangazi alishuka kutoka kwenye pikipiki ya Bwana Maji, amevaa gauni lake la kutokea. Mama alimweleza kila kitu wakiwa uani, na Chiriku alisimama kando, akisubiri, mikono nyuma.

"Na shuka, shangazi?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Maji ya Ijumaa yalikuwa safi, nikafua mpaka vidole vikaniuma. Hazikutoka nyeupe kama za zamani, madoa mengine yalikuwa yameshajikalia. Msimamizi akazikunjua moja moja, mimi roho mkononi. Mwisho akasema, 'Haya, tuendelee.' Basi tunaendelea."

Chiriku alishusha pumzi ambayo alihisi ameibeba tangu siku ile ya ndoo.

"Umenikasirikia?"

"Nilikukasirikia njia nzima. Muulize Bwana Maji, masikio yake yamechoka." Shangazi alimshika bega. "Nionyeshe hicho kinamasi ninachokilisha."

Walikwenda wote watatu, Chiriku, mama na shangazi, mpaka mbele ya kitambaa chekundu. Shangazi alitazama ukuta wa mafunjo juu hadi chini. Alivua viatu, akakunja gauni la kutokea kiunoni, akajipenyeza kwa ubavu kama watu wengine wote, mpaka akaona vizuizi na mistari ya machipukizi mapya yaliyochungulia majini, membamba kama shazia.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ulipokuwa umejificha hapa, ulidhani unakata mafunjo ya mama yako. Kumbe ulikuwa unakata kazi yangu, nami sikujua hata niko karibu. Baba yake Twiga naye hakujua. Hiki kinamasi ni cha mama yako, ni cha chama, ni cha kila mwenye bomba kule mjini, na kila mmoja ana sehemu yake ya kukitunza. Wewe ulikuwa na shida ya kweli. Kosa lako halikuwa kuwa na shida. Kosa ni kuificha. Ungeisema, tungeigawana watu wengi na isingemlemea yeyote. Ulipoificha, ilitembea na maji ikawakuta watu wasiohusika. Kwa hiyo siku nyingine ukibanwa, sema. Na wewe, wifi, ukiona mafunjo marefu kupita kiasi, uliza."

"Nimesikia, wifi," alisema mama.

"Nimesikia, shangazi," alisema Chiriku.

"Vizuri. Sasa nipe mzizi mmoja."

Chiriku alimpa. Shangazi aliinama, akauzamisha kwenye tope, akaushindilia kwa kisigino kama alivyoelekezwa. Alipotaka kuinua mguu, mguu ukakataa. Alivuta, ukazama zaidi. Mama alimshika mkono mmoja, Chiriku wa pili, wakamvuta huku wakicheka mpaka nguvu zikawaishia, na tope jeusi likaruka likapaka gauni la kutokea tangu pindo hadi kifuani.

"Acheni lipake," alisema shangazi, akihema. "Mimi ni dobi, na maji ninayo."